Nani Aketi Barazani? Habari za Burma Baada ya Vita

Wasikilizaji na wasomaji wetu, vita vikiisha watu hudhani kwamba kazi imekwisha. Mizinga hunyamaza, askari hurudi makwao, na akina mama hupiga vigelegele. Kumbe ndipo inapoanza kazi nyingine isiyo na ngoma wala tarumbeta, nayo ni kuwachagua watu watakaoitengeneza nchi iliyovunjika. Na ikiwa nchi hiyo ilikaliwa na adui miaka mingi, basi swali la kwanza huwa chungu: mtu huyu aliyeshirikiana na adui, aketi barazani au aketi gerezani?

Leo twataka kulizungumza swali hilo kwa kuitazama nchi moja, nayo ni Burma, ambayo tangu mwaka wa 1989 yaitwa Myanmar. Huenda mtu akauliza, Burma yatuhusu nini sisi watu wa Afrika ya Mashariki? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vijana wetu wa Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipigana huko katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, wakawasukuma Wajapani mpaka mto wa Chindwin, na mwezi wa Desemba wakaingia Kalewa. Wako waliobaki kule chini ya udongo. Pili, mmoja wa wakubwa wa Burma alifungiwa hapa kwetu Uganda wakati wa vita, na mtu huyo atatokea tena mwisho wa habari yetu. Basi Burma si nchi ya mbali kama ramani inavyoonyesha.

Kwanza tueleze jinsi nchi ilivyokuwa. Waingereza waliitwaa Burma kwa vita vitatu, vya kwanza mwaka wa 1824 na vya mwisho mwaka wa 1885, wakaitawala kama jimbo la India. Mwaka wa 1937 Burma ilitengwa na India, ikapewa Bunge lake na Waziri Mkuu Mburma, lakini Gavana alishika mwenyewe mambo makubwa, kama jeshi na mambo ya nchi za nje. Wako Waburma walioridhika na hatua hiyo, na wako walioona kwamba wamepewa ganda la yai.

Katika hao wasioridhika twawataja wawili. Wa kwanza ni U Saw, mwenye gazeti na mwanasiasa mwerevu, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka wa 1940. Mwisho wa mwaka wa 1941 alikwenda London kumwomba Bwana Churchill aahidi kwamba vita vikiisha Burma itajitawala kama Kanada na Australia. Hakupewa ahadi hiyo. Alipokuwa njiani kurudi, Wajapani waliishambulia Marekani huko Pearl Harbor, na njia ya bahari ya Pasifiki ikafungwa. U Saw akageuka kupitia Ulaya, na katika mji wa Lisbon akaingia kwa siri katika nyumba ya mjumbe wa Japani. Hakujua kwamba Waingereza walikuwa wakizisoma simu za siri za Wajapani. Mwezi wa Januari 1942 alikamatwa huko Palestina, na baadaye akaletwa Uganda, akakaa kizuizini mpaka vita vilipokwisha. Hakupelekwa mahakamani kamwe, maana kama ushahidi ungetolewa hadharani, Wajapani wangejua kwamba siri zao zasomwa.

Wa pili ni Aung San, kijana aliyepata sifa kwa kuwaongoza wanafunzi wa chuo kikuu cha Rangoon. Mwaka wa 1940 alitoroka nchini kwa siri, akaangukia mikononi mwa Wajapani. Yeye na wenzake, jumla yao vijana thelathini, walifundishwa vita katika kisiwa cha Hainan. Kisha wakaunda Jeshi la Uhuru la Burma, na mwanzo wa mwaka wa 1942 wakaingia nchini kwao pamoja na Wajapani. Tarehe 8 Machi 1942 mji wa Rangoon ulianguka. Gavana, Sir Reginald Dorman-Smith, aliondoka, na Serikali yake ikahamia Simla, katika milima ya India. Wakubwa kadha wa Kiburma walimfuata, miongoni mwao Sir Paw Tun, aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya U Saw.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wakati Waingereza wanaondoka na Wajapani wanaingia, watu wengi walilipizana visasi. Askari wa jeshi lile jipya waliwaua Wakareni wengi huko Myaungmya, maana Wakareni walijulikana kuwa marafiki wa Waingereza. Wajapani nao, walipokwisha kutulia, walionyesha sura yao. Walilazimisha watu maelfu kwa maelfu kujenga reli kutoka Siam mpaka Burma, na wengi walikufa humo kwa njaa, kipindupindu na mapigo. Polisi wao wa jeshi, Kempeitai, waliogopwa kila kijiji. Tarehe 1 Agosti 1943 Wajapani walitangaza kwamba Burma ni nchi huru. Dkt. Ba Maw akawa mkuu wa nchi, na Aung San, mwenye umri wa miaka 28, akawa Waziri wa Ulinzi. Lakini uhuru ule ulikuwa kama nguo ya kuazima, maana amri zilitoka kwa majemadari wa Kijapani.

Aung San na wenzake walipotambua hivyo, walianza kupanga mambo kwa siri. Mwezi wa Agosti 1944 waliunganisha makundi mbalimbali katika umoja mmoja wa kuwapinga Mafashisti na kuutafuta uhuru wa watu. Nasi tutauita Umoja tu, kwa ufupi. Mwezi wa Machi 1945 jeshi la Aung San liliandamana katika mji wa Rangoon mbele ya Wajapani, kana kwamba laenda kupigana na Waingereza. Siku chache baadaye, tarehe 27 Machi, liligeuza bunduki na kuwapiga Wajapani wenyewe.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Waingereza walirudi Rangoon mwanzo wa mwezi wa Mei 1945. Je, Aung San ni nani? Ni haini aliyemleta adui, au ni rafiki aliyesaidia kumtoa? Wakubwa wa Kiingereza hawakupatana. Wale waliosimamia mambo ya raia katika nchi zilizokombolewa walisema kwamba ni haini, naye apaswa kuhukumiwa. Amiri Mountbatten, mkuu wa majeshi yote ya upande huo, alisema kwamba askari wanaowapiga Wajapani si watu wa kunyang'anywa silaha. Jenerali Slim alionana na Aung San katikati ya Mei. Alimwambia wazi kwamba amekuja kwa Waingereza kwa sababu ameona kwamba wanashinda. Aung San hakukana. Alijibu kwamba kuja kwao wakati wanashindwa kusingekuwa na faida. Slim alimpenda kwa unyofu ule. Mwezi wa Septemba, huko Kandy, ilipatanwa kwamba askari wake maelfu kadha waingizwe katika jeshi jipya la Burma.

Mwezi wa Oktoba 1945 Gavana Dorman-Smith alirudi kutoka Simla. Serikali ya London ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba kwa muda wa miaka kadha Gavana atatawala mwenyewe pasipo Bunge, akisaidiwa na baraza la watu atakaowachagua. Basi ilimpasa kuchagua. Umoja wa Aung San ulidai viti vilivyo vingi, na haki ya kuwataja wenyewe watu wa kuvikalia. Gavana alikataa. Aliwachukua watu aliowajua na kuwaamini, akiwamo Sir Paw Tun, waliokuwa pamoja naye Simla. Umoja ukabaki nje.

Tuwe wenye haki kwa Gavana. Alikuwa na sababu, nayo si ya kupuuza. Watu waliosimama upande wake siku ya taabu, wakaacha nyumba na mali zao, je, awasahau siku ya kugawa heshima? Na Wakareni, waliowaficha askari wa Kiingereza misituni na kuteswa kwa ajili hiyo, watasema nini wakiona walioshika bunduki pamoja na Wajapani wanaketi mahali pa juu? Uaminifu usiolipwa huwavunja moyo waaminifu.

Lakini watu wa vijijini walikuwa na hoja yao pia. Walisema: hao mabwana wa Simla walikula chakula cha amani milimani, wakati sisi tulipokuwa chini ya Kempeitai. Hawakupigwa pamoja nasi, hawakuficha mpunga pamoja nasi, hawakuzika pamoja nasi. Leo wanarudi kutupima sisi kwa mizani. Je, mizani hiyo ni ya nani?

Hapa twataka kusimama kidogo, maana sisi walimu twaliona jambo hili kwa karibu. Tuseme adui ameingia katika wilaya yetu. Serikali imekwenda zake. Shule imefungwa, na watoto wanazurura. Afisa wa adui anamwamuru mwalimu afungue shule. Mwalimu akifungua, je, ameshirikiana na adui? Asipofungua, ni nani atakayewafundisha watoto? Karani wa posta, mganga wa hospitali, dereva wa gari la moshi, jumbe anayegawa chumvi: wote hao walipokea amri kutoka kwa Wajapani. Kama kila mtu aliyepokea mshahara kwao angekataliwa, Burma isingepata hata mtu wa kufagia ofisi.

Basi ni lazima kupambanua. Twaona kwamba kuna mambo matatu ambayo watu huyatia katika kapu moja na kuyaita kumtumikia adui. La kwanza ni kufanya kazi chini yake ili watu waishi. La pili ni kupatana naye kwa shabaha ya siasa, kama Aung San alivyofanya alipodhani kwamba Japani itawapa uhuru. La tatu ni kutumia kivuli cha adui kumdhulumu jirani yako. La kwanza halistahili adhabu. La pili ni kosa la kuona vibaya, na wanaostahili kulipima ni watu wa nchi. La tatu peke yake ni jinai, na mahali pake ni mahakamani.

Na huko Burma jambo hilo la tatu lilitokea hadharani. Mwanzo wa mwaka wa 1946, katika Baraza la Kutunga Sheria, alisimama Thakin Tun Oke, mmoja wa wale vijana thelathini waliofundishwa na Wajapani, ambaye sasa alikuwa upande wa Gavana. Alimshtaki Aung San kwamba mwaka wa 1942, karibu na Thaton, alimwua jumbe wa kijiji kwa mkono wake. Jumbe huyo alikuwa amewekwa na Serikali ya Kiingereza, na aliposhindwa kuwageuka waliomweka alishikwa na jeshi la Aung San, akahukumiwa upesi kwa sheria ya kijeshi, akachomwa singe mbele ya watu. Aung San hakukana. Alisema kwamba ilikuwa hukumu ya wakati wa vita, na kwamba yeye mwenyewe analichukua jukumu lake. Mjane wa jumbe naye aliandika maombi kwa Serikali, akitaka haki kwa ajili ya mume wake.

Wasomaji wetu walio majumbe, fikirini habari ya mwenzenu huyu. Hakuwa Gavana wala jenerali. Aliamrishwa kukaa kijijini, akakaa. Wakubwa waliomweka walikwenda milimani, naye akabaki pale na muhuri wa Serikali mkononi. Katika vitabu vingi vya habari za Burma yeye hupewa mistari michache tu, lakini kwetu sisi kifo chake ndicho kipimo cha mambo yote haya.

Gavana alitaka Aung San akamatwe. Simu zilikwenda London na kurudi. Wakubwa wa jeshi walionya kwamba Aung San akikamatwa askari wa Kiburma wataasi na nchi itawaka moto. London ilikubali akamatwe, kisha kabla ya kukamatwa ikatangua amri yake. Mwezi wa Mei polisi waliupiga risasi umati wa watu huko Tantabin, na watu watatu wakafa. Mwezi wa Juni Gavana Dorman-Smith, akiwa mgonjwa, aliondoka Burma asirudi tena kutawala.

Tazameni kosa lililofanyika. Mashtaka ya jumbe aliyeuawa yalikuwa ya kweli, lakini yaliletwa kwa wakati na kwa mikono iliyowafanya watu wasiyaamini. Kwa miaka mitatu na zaidi jumbe alikuwa amesahauliwa. Akakumbukwa siku ile adui za Aung San walipotafuta fimbo ya kumpigia. Na aliyeshika fimbo alikuwa mwenzake wa jeshi lile lile. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Watu hawakuuliza tena, Je, jumbe aliuawa bila haki? Waliuliza, Je, wewe u upande wa Gavana au u upande wa Aung San? Hivyo damu ya mtu ikageuka kuwa hoja ya barazani, na haki yake ikapotea katika kelele.

Gavana mpya alikuwa Sir Hubert Rance, aliyekwisha kusimamia mambo ya raia Burma chini ya Mountbatten. Alipofika mwisho wa Agosti 1946 alikuta nchi imesimama. Mwezi uliofuata polisi waligoma, na watumishi wengine wa Serikali wakawafuata. Rance aliwaita watu wa Umoja, akawapa viti vilivyo vingi katika Baraza lake. Aung San akawa msaidizi wa Gavana katika Baraza, akashika mambo ya ulinzi na ya nchi za nje. Mgomo ukaisha. Tarehe 27 Januari 1947 Aung San na Bwana Attlee, Waziri Mkuu wa Uingereza, walitia sahihi mapatano ya London, yaliyofungua mlango wa uhuru. Katika mwezi wa Februari, huko Panglong, Aung San alipatana na wakuu wa Washani, Wakachini na Wachini, ili wawe nchi moja.

Je, basi Rance alifanya vema? Twasema alifanya vema katika jambo moja, na katika jingine aliacha deni. Alifanya vema kutambua kwamba baraza lisilo na watu wanaoaminiwa na nchi ni kama nyumba isiyo na nguzo. Lakini maombi ya mjane hayakusikilizwa mahakamani. Amani ile ilinunuliwa, na aliyelipa ni yeye.

Sasa turudi kwa yule mtu wa Uganda. U Saw alirudishwa kwao mwaka wa 1946. Kwa kipimo cha vita, kosa lake lilionekana dogo kuliko la Aung San: hakushika bunduki, hakuongoza jeshi, alisema maneno tu katika chumba kimoja huko Lisbon, akalipa kwa miaka minne ya kizuizi. Rance alimpa kiti katika Baraza lile lile. Alikwenda London pamoja na Aung San, akakataa kutia sahihi mapatano. Tarehe 19 Julai 1947, saa nne na nusu asubuhi, Baraza likiwa katika mkutano, watu wenye bunduki waliingia na kumwua Aung San pamoja na wajumbe wenzake sita, na watu wengine wawili. Waliowaua walikuwa wametumwa na U Saw. Alihukumiwa mahakamani, akanyongwa mwezi wa Mei 1948. Burma ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 4 Januari mwaka ule, pasipo mtu aliyeupigania. Na mwanzo wa 1949 Wakareni, ambao uchungu wao haukuwa umeponywa, walishika silaha juu ya Serikali mpya.

Kikulacho ki nguoni mwako. Waingereza walipima sana nani alikuwa pamoja na Mjapani, na kipimo hicho hakikuonyesha nani atakayeivunja nchi. Mtu aliyekuwa jemadari wa adui alipatana na wengi; mtu aliyezungumza tu na adui aliwaua wenzake. Basi swali, Ulikuwa upande gani? ni swali fupi mno. Laweza kutuambia mahali mtu aliposimama siku moja, lakini haliwezi kutuambia yeye ni mtu wa namna gani.

Kwa maoni yetu, swali lililo bora ni hili: Ulipokuwa na nguvu mkononi, na hapakuwa na mtu wa kukuzuia, ulimtendea nini jirani yako? Swali hilo waulizwe wote sawasawa, aliyekaa Simla na aliyekaa Rangoon, aliyemfuata Gavana na aliyemfuata Mjapani. Na likitokea jibu la damu, lisipelekwe barazani kuwa silaha ya siasa, wala lisifunikwe ili kuwapendeza wenye nguvu. Lipelekwe kwa hakimu mapema, kabla jina la aliyekufa halijatumiwa na watu wasiomjali. Kumchagua mjumbe ni kazi ya watu, na kuhukumu damu ni kazi ya mahakama. Burma ilichanganya kazi hizo mbili, na zote mbili ziliharibika.

Twawaomba wanafunzi wetu na wazee wetu walizungumze jambo hili jioni, chini ya mwembe au kando ya moto. Kama ninyi mngekuwa Gavana katika mwaka wa 1946, na barua ya mjane iko mezani, na nje askari wamekasirika, mngefanyaje? Msijibu upesi. Waliojibu upesi walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa mbali na kijiji kile cha Thaton.

Kwaherini, mpaka tutakapozungumza tena.